Mito Mitatu, Si Saba

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka thelathini na tisa, na picha niliyobandika kwenye fomu ya mtihani ilikuwa na mvi. Nilisoma masomo ya jioni hapa Morogoro mjini, kwenye shule ambayo mchana ilikuwa ya watoto. Tulikalia madawati yao, magoti yakigusa kidevu. Pikipiki yangu niliiegesha chini ya dirisha, na mwalimu akiuliza swali nilikuwa najibu huku jicho moja liko kwenye tairi. Wenzangu wa kijiwe cha bodaboda walinicheka mpaka milima ikaitikia. Lakini matokeo yalipotoka, nami nimepata daraja la nne lenye afya nzuri kabisa, walinipa ukatibu siku hiyohiyo. Tangu hapo barua zote za kijiwe nasoma mimi, hata zile ambazo hakuna anayetaka kujua zinasema nini.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, aliyekuja kujitolea kwa mihula miwili. Kiswahili chake alikitoa kwenye kamusi kikiwa bado na vumbi. Alikuwa mkali, chaki ilikuwa inamwogopa, lakini jioni moja nilimliza. Alitupa insha: siku usiyoweza kuisahau. Wenzangu waliandika harusi, mmoja akaandika siku aliyoiona treni. Mimi, kwa Kiingereza changu cha miguu mitatu, niliandika machela.

Kijiji chetu kiko juu kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo ukikohoa mtu wa mjini anasema pole. (Naongeza chumvi kidogo, mtanizoea.) Barabara inaishia chini, kwenye zahanati na mizani ya kabichi. Kutoka hapo ni njia ya miguu. Mgonjwa akizidiwa tunamshusha kwa machela: miti miwili, blanketi lililofungwa katikati, wanaume wanne chini yake na wengine wanne nyuma wa kupokezana. Kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa. Dada yangu alishatangulia. Kwa hiyo binti yake, mpwa wangu, aliposhikwa na uchungu wa uzazi wake wa kwanza na mambo yakakataa, aliyeulizwa ni mimi, na aliyeshika mti wa mbele kushoto ni mimi. Mtoto alizaliwa kwenye mto wa pili. Hakulia.

Hayo ndiyo niliyoyaandika, ila kwenye karatasi mito ikawa saba, akatokea na chui. Sijui kwa nini. Nadhani niliona mito mitatu haitoshi kwa huzuni ile.

Mwalimu alinipa kumi na nane kwa ishirini, na pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika: "Mito saba? Kweli?" Nikamwambia, "Kweli tupu, mwalimu." Akafuta macho kwa mkono wenye chaki. Muhula ulipoisha akarudi kwao.

Miaka ikapita. Januari moja nikiwa kijiweni nangojea abiria, barua pepe ikaingia kwenye simu. "Mwanafunzi wangu mpendwa, shikamoo," ilianza, yaani mtu wa umri wa kunizaa ananiamkia mimi! Alikuwa amestaafu. Yeye na wenzake watano, wastaafu wote, walikuwa wamejifunza pikipiki, na walipanga kuendesha kutoka kwao mpaka Afrika wakichangisha njia nzima. Mchango wote ungetengeneza chombo kimoja: tela la kubebea mgonjwa, lenye kitanda na turubai, linalovutwa na pikipiki. Fundi wa Dar es Salaam angelitengeneza, wao wakifika walikute. "Ile machela ya insha yako," aliandika, "haijawahi kutoka kichwani mwangu. Ninataka mwisho wa safari yetu uwe kijijini kwenu."

Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Mwenyekiti wetu, mtu ambaye amebeba abiria tangu pikipiki zinanguruma kama mashine ya kusaga, alininyooshea kidole.

"Katibu, rudia hapo. Wanakwenda wapi?"

"Afrika."

"Na sisi hapa tupo wapi?"

"Afrika ndiyo hapa, mwenyekiti."

"Basi waandike stendi ya Msamvu. Afrika kubwa hiyo, watapotea wale wazee."

"Na bahari watavukaje?" akauliza mwingine.

"Kwa pantoni."

"Pantoni ya kutoka Ulaya? Katibu, hiyo shule ya jioni walikufundisha umeme umekatika?"

Tulipanga mapokezi kwa muda wa mwezi mzima, na sijawahi kuona watu wanafurahi vile kwa jambo ambalo halijatokea. Tungewapokea Mikese, kabla hawajaingia mjini, pikipiki arobaini, taa zimewashwa mchana (kwa mwalimu niliandika mia nne). Wawili walitaka kupigana kwa sababu ya nani atabeba bendera. Mwenyekiti alikataza kandambili siku hiyo. Mimi nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari la kijiwe na moyo wangu unapiga ngoma, maana mpwa wangu alikuwa na mimba tena, ya pili, na safari ile ilikuwa ifike Juni.

Barua ya pili ikaja na maswali. Kati ya maswali hayo, hili: njia ya kutoka barabarani hadi kijijini, je, inapitika kwa pikipiki yenye tela? Na ni mbali kiasi gani?

Nilimpigia mama. Kwetu huko simu hupatikana juu ya jiwe moja tu nyuma ya kanisa la kigango, kwa hiyo ukimpigia mtu unampigia jiwe, aliye karibu anapokea anamwita. Mama akaja anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wale wageni wanauliza njia ya kuja kwetu ni mbali?"

"Waambie ni hapo tu."

"Mama, wanauliza kwa ajili ya tela."

"Mwanangu, mgeni hajatoka kwake unamwambia mlima? Atakuja kweli? Waambie ni hapo tu."

Lazima nieleze, maana mtu wa tambarare anaweza kudhani tunadanganya. Kwetu mtu akikuuliza njiani "bado mbali?", humpi hesabu. Ana mzigo kichwani, magoti yanatetemeka, wewe umwambie bado vilima vinne? Unamwambia hapo tu, ukimaliza kona. Akifika kwenye kona anamkuta mwingine, naye anamwambia hapo tu. Anasukumwa hivyohivyo kwa midomo ya watu mpaka anafika. Hatukuona kuwa ni uongo. Ni kumsaidia mtu mzigo bila kuugusa. Nimelelewa hivyo, na shule ya jioni haikunifundisha vinginevyo.

Nikaandika: "Mwalimu, ni hapo tu. Njia inapitika hata kwa lori, ikiwa dereva ana moyo."

Machi, mpwa wangu mwenyewe alinipigia kutoka kwenye jiwe.

"Mjomba, nimehesabu. Ni katikati ya Juni. Pasaka ikipita nishuke, nije nikae kwako?"

"Ushuke ufanye nini? Chombo kinakuja."

"Kikichelewa?"

"Kichelewe, Wazungu hao? Wewe ndiye abiria wa kwanza, nitamwandikia mwalimu. Utakaa humo kama malkia, watu wanapiga picha."

Nilisikia upepo wa kule juu ukivuma kwenye simu.

"Kwa hiyo nikae."

"Kaa."

Mume wake alikuwa kwenye vibarua vya miwa huko bondeni, kwa hiyo neno langu lilikuwa neno. Ningeweza kusema hapa kwamba chumba changu ni kimoja na kitanda ni kimoja. Ni kweli, lakini sicho kilichonizuia. Niliitaka ile picha. Niliiona kabisa: yeye ndani ya tela, mwalimu pembeni, mimi kwenye usukani nimevaa koti la kung'aa, na mto wa pili tunaupita kama hatuujui.

Mwisho wa Aprili, masika yamepamba moto, ikaingia barua nyingine. Hii haikuwa na shikamoo.

"Mwanafunzi wangu, fundi wa tela anataka vipimo. Nimesoma tena insha yako: kuna mito saba. Nimesoma tena barua yako: hakuna mto hata mmoja. Nimezilaza mezani zote mbili. Tafadhali nipe mito iliyo ya kweli, na upana wa njia mahali ilipo nyembamba kuliko pote. Tela lina upana wa sentimita tisini. Kamati yetu inakaa katikati ya Mei. Kuna kijiji kingine kimeomba, upande wa Kisaki, kwenye tambarare."

Niliisoma mara mbili palepale kijiweni. Abiria alikuja akasema "Nipeleke Mzinga", nikamwangalia kama ametukana.

Kesho yake niliazima futi kwa fundi cherehani, ile ya kupimia viuno, nikaendesha mpaka barabara inapokoma, nikaiacha pikipiki zahanati, nikaanza kupanda. Njia ile nimeipanda tangu mgongoni kwa mama, lakini siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuipanda nikiwa naitazama. Nilibonyeza saa ya simu. Nikawa naandika kwenye daftari lilelile la mapokezi, upande wa pili wa orodha ya bendera.

Mto wa kwanza: mawe ya kukanyaga, masika yamezama. Mto wa pili: gogo, limeoza upande mmoja. Mto wa tatu hauna kitu, unaingia tu ndani na maji yanakufika mapajani. Baada ya mto wa pili ndipo lilipo jabali. Njia inakatiza ubavuni mwake, mkono mmoja jiwe, mkono mwingine hewa, na chini huko mashamba ya njegere ya watu wasiokujua. Nilipima. Sentimita hamsini na mbili. Nikapima tena, hamsini na mbili. Mara ya tatu niliivuta futi kwa hila kidogo, kama mtu anayejipimia suruali baada ya Krismasi, ikasema hamsini na nne, nikaona aibu peke yangu pale, nikaandika hamsini na mbili.

Kabla ya kuendelea kupanda nilirudi nyuma nikakaa kwenye lile gogo, na ndipo likanijia ambalo sikuliandika kwenye insha.

Siku ile ya machela mpwa wangu hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anauliza. "Mjomba, bado mbali?" Na mimi, nikiwa kwenye mti wa mbele, nilikuwa namjibu bila kugeuka: hapo tu. Tukivuka mto wa tatu: hapo tu. Kwenye jabali, wakati tunapita upande upande, mmoja mmoja, machela imeinama mpaka anashikilia blanketi kwa meno: hapo tu, mama, hapo tu. Sijui niliisema mara ngapi. Ningekuwa naandika insha ningesema mara mia. Ilifika mahali akaacha kuuliza. Nilidhani amepata nafuu.

Nyumbani nilimkuta amekaa mlangoni na mama wanamenya njegere. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kandambili haziingii.

"Mjomba, shikamoo. Umepima? Chombo kinapita?"

Nilikuwa na daftari mkononi. Hamsini na mbili ilikuwa imeandikwa mle kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kinapita," nikasema. "Pamebaki padogo tu pa kurekebisha. Hapo tu."

Niliposogea pembeni na mama nilimweleza.

"Nitamwandikia mwalimu kweli."

"Kweli ipi?"

"Sentimita hamsini na mbili."

"Ndiyo ngapi hizo?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akaangalia nafasi iliyo kati ya viganja vyangu kama anaangalia mtoto mchanga. "Ukiwaandikia hivyo watapeleka kwa wengine."

"Najua."

"Mtu anakuletea kitanda, wewe unamwambia mlango wako mdogo? Panueni mlango!"

Tukapanua. Kwa siku tatu nilibaki kijijini, na wanaume kumi na wawili tuligonga lile jabali kwa nyundo na tindo, mvua inatupiga mgongoni. Nyundo mbili zilivunjika mpini. Jabali lilikuwa linatoa cheche na harufu, halitoi jiwe. Siku ya tatu jioni nilipima: hamsini na tatu. Sentimita moja kwa siku tatu. Nilipiga hesabu palepale, hesabu halali ya darasa la jioni: zimebaki thelathini na saba, mara tatu, siku mia na kumi na moja. Tungemaliza mwishoni mwa Agosti, na mtoto alikuwa wa Juni.

"Tuombe baruti," mmoja akasema.

"Ukipiga baruti hapa," mwenzake akamjibu, "njia yote inakwenda kulala kwenye njegere za watu, halafu hata machela haipiti." Hakucheka mtu.

Nilipanda kwenye jiwe la simu nikaandika. Hiyo ndiyo barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, maana nikiachiwa nafasi hata risiti naitia mbwembwe. "Mwalimu. Mito ni mitatu. Chui hakuwepo. Njia ni ya miguu, saa tatu na dakika arobaini kwa mtu mzima, na machela ni saa tano. Mahali pembamba ni sentimita hamsini na tatu, tumejaribu kupanua imeshindikana. Tela halipiti. Nisamehe nilikwambia ni hapo tu. Mpwa wangu ana mimba tena." Nikatuma, nikakaa juu ya jiwe mpaka suruali ikalowa. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga, kwamba ukisema kweli unalipwa.

Siku kumi na moja hakukuwa na jibu. Nilibeba abiria sijui ninakokwenda. Mama mmoja nilimpeleka Kihonda, kumbe amesema Kilakala. Siku ya kumi na mbili barua ikaja. Kamati imekaa. Tela litakwenda upande wa Kisaki, ambako njia ni pana na kuna wanawake pia. "Walikuwa saba mezani, mimi nilikuwa mmoja," aliandika. "Siwezi kuwaambia wakununulieni kitu kisichopita. Wewe mwenyewe ulinipa vipimo. Safari ipo palepale na Mikese nitafika, nami nitapanda kwenu kwa miguu. Lakini mpwa wako, mwanafunzi wangu. Mpwa wako yuko wapi sasa?"

Niliisoma kijiweni, lakini safari hii kimya. Mwenyekiti aliniangalia uso akaivuta simu, akairudisha, hawezi kusoma bila miwani.

"Wamesemaje?"

Nikamwambia.

"Katibu! Si ungewaacha waje? Wangekwama pale jabalini, tela lingebaki chini, lingekuwa letu. Mzungu anarudi na tela mgongoni?"

Sikuwa na hasira naye, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshaliwaza, usiku na mchana. "Lingebaki chini ya jabali, mwenyekiti. Na mpwa wangu angebaki juu ya jabali, amekaa, analingoja."

Nilipolisema hilo kwa mdomo ndipo nikalisikia. Mpwa wangu alikuwa amekaa. Mimi ndiye niliyemwambia akae. Mwalimu aliyeko ng'ambo ya bahari alikuwa ameshaambiwa kweli, kamati ya watu saba nisiowajua wana sentimita zangu mezani, fundi wa Dar anazo, na mtu mmoja tu katika dunia nzima alikuwa bado anaamini kinapita. Tena huyo ndiye mwenye tumbo.

Nikapiga simu. Jiwe halikupokea. Nikapiga tena, na tena, siku nzima. Mvua ilikuwa haijakata kwa siku nne, na nani apande juu ya jiwe la utelezi kwa ajili ya simu inayolia? Nililipigia jiwe lile mpaka likanichukia.

"Nenda," mwenyekiti akasema. "Abiria wako nitawabeba mimi."

Nilipanda alfajiri. Sikupima kitu. Mto wa kwanza ulikuwa umevimba, nikavuka kwa mikono na magoti. Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni, ameegemea ukuta, anakoroga uji kwa mkono mmoja, mwingine uko kiunoni.

"Mjomba! Kimekuja?"

Nilichuchumaa pale majivuni. Mimi ni mtu wa maneno, nyie mmeshaona, lakini siku hiyo yalikuja machache.

"Hakiji. Hakipiti kwenye jabali. Nilijua tangu siku ile nimeshika daftari, nikakwambia kinapita."

Aliendelea kukoroga. Kisha akauliza, taratibu tu, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nimekaa."

"Umekaa kwa sababu yangu."

Nilitamani anitukane. Mama alikuwa mlangoni, nilijua anatafuta neno la kututuliza wote, na nilijua ni neno gani. Nikamwahi. "Mama, usiseme." Mpwa wangu akautoa uji motoni, akamimina vikombe viwili, akaninyooshea kimoja. Cha pili akanywa mwenyewe, wote, mpaka chini. Kisha akasema, "Nifungie nguo zangu, bibi. Nashuka leo."

"Kwa miguu hiyo?" mama akauliza.

"Sina mingine."

Nilitaka kumlaza kwenye machela, wanaume walikuwa tayari wameshaitwa. Aliikataa. Alisema ile machela anaijua na yenyewe inamjua. Kwa hiyo tulishuka hivi: yeye mbele na fimbo, mimi nyuma yake nimeshika ncha ya kanga aliyojifunga kiunoni, kama mtu anayeongoza mbuzi kinyumenyume, na nyuma yetu wanaume wanane na machela tupu. Machela tupu ni kitu kibaya kukitazama. Nao walijua, wakawa wanatania ili tusisikie miti inavyolia. "Katibu, panda wewe basi, tumeshafika nayo huku!" "Huyo tumbo lake litaivunja!" Nilicheka. Mtu anaweza kucheka huku ameng'ang'ania ncha ya kanga, nimelihakikisha.

Tulivuka mto wa tatu wanaume wameshikana mikono mnyororo, maji yanamfika tumboni, na sitaki kulikumbuka sana. Baada ya hapo alianza kuchoka. Alikuwa anasimama kila hatua ishirini, anapumua kwa mdomo, anaendelea. Kijana mmoja wa nyuma, kwa moyo mzuri kabisa, akamwita: "Jikaze dada, ni ha..."

Niligeuka. Sijui nilikuwa na uso gani, lakini alimeza neno lile likiwa zima.

Nisikuweke msomaji roho juu, maana nimeshajifunza. Mtoto alizaliwa siku ya tisa baada ya hapo, hospitali ya mjini, kwa kupasuliwa, msichana. Daktari alinieleza yaliyokuwa yanaendelea mle tumboni, nikamwomba asimalizie. Tela liko upande wa Kisaki na linafanya kazi. Mwalimu alifika Mikese, pikipiki zilikuwa kumi na tatu kwa sababu mvua ilinyesha. Na kijiji chetu hadi leo kinashusha wagonjwa kwa machela, jabali ni hamsini na tatu, na ninapoandika haya kuna wanawake wawili kule juu ambao matumbo yao nayahesabu kwenye daftari kama yangu.

Lakini siku ile hayo yote hayakuwepo. Tulikuwa jabalini. Alikuwa amelikumbatia jiwe, shavu limelala juu yake, vidole vimeingia kwenye zile alama za tindo zetu, na mvua inamtiririka shingoni. Chini huko ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata zahanati, hata barabara. Hakugeuka.

"Mjomba," akasema. "Bado mbali?"

Nyuma yangu wanaume wanane waliacha kuhema. Neno lenyewe lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu, tamu, jepesi, la kurithi.

"Bado," nikasema. "Mbali sana. Hapa hatujafika nusu. Bado mito miwili, na ule wa mwisho umejaa. Na mwendo wako huu, ni saa tatu nyingine."

Nilisubiri aanguke. Shavu lake likabaki juu ya jiwe, midomo inacheza, alikuwa anahesabu.

"Basi tukimaliza jabali nitakaa," akasema. "Nilale kidogo. Mnikinge mvua."

Akasogeza mguu wake uliovimba, upande upande, sentimita chache, akautia uzito. Kisha wa pili.